Nilianza Kusoma Gari kwa Juu, Nikaishia Shambani kwa Watu

Ile Corolla ya kaka yangu ilipoingia kwenye shamba la mahindi la watu mi nilikuwa nimekaa siti ya kushoto, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani wala sio kama tumeumia, nilifikiria zile springi. Kwa sababu mi ndo niliyezikata.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mi ni mtu wa Arusha, gereji nimeingia nikiwa na miaka kumi na tisa nikitokea chuo cha ufundi, na kama vijana wengi wa rika langu nilichopenda kwenye gari ni injini, basi. Mengine yote niliyaona ni vyuma vya kubebea injini. Ukiniambia nikafunge busha au niangalie boljointi nilikuwa nanuna kabisa, hiyo kazi niliona ni ya madogo waliokuja jana, mi nilitaka kushusha injini, kufungua hedi, kupima ringi za pistoni, vitu ambavyo mtu akipita nje ya gereji anasimama kuangalia. Usiku nalala na simu nasoma habari za 4A-GE, ile ya Toyota yenye valvu ishirini na mfuniko mweusi, kama vile kuna siku nitaimiliki.

Na sitaki kudanganya, kwa injini nilijifunza vitu vya maana. Kwa mfano miaka miwili nzima nilikuwa nabishana na watu kijiweni kuhusu msokoto na nguvu bila kujua tofauti yake, mtu anasema gari fulani ina farasi wengi, mwingine anasema farasi sio kitu, cha muhimu toki, yaani huo msokoto, na mi napayuka tu. Siku moja nikakaa na karatasi. Ile mfuniko mweusi inatoa msokoto wake mkubwa, Nm 162 (nyutoni-mita, kipimo cha msokoto), ikiwa kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika. Sasa chukua Nm, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Inakuja 95. Lakini nguvu yake ya juu kabisa, zile farasi 165, ambazo ni kama kilowati 121, inazitoa kwenye 7,800. Ukirudisha hesabu kinyumenyume unakuta pale 7,800 msokoto umeshashuka mpaka kama 148. Yaani msokoto umepungua ila nguvu imepanda, kwa sababu nguvu ni msokoto mara kasi ya kuzunguka, hamna mchawi hapo. Na ndo maana gari ile ukiiendesha kwa upole unaiona ya kawaida tu, inataka uipandishe juu huko ambako majirani wanafunga madirisha. Hiyo hesabu ya mistari mitatu ilinimalizia ubishi wa miaka miwili kijiweni (nikapoteza na marafiki wawili lakini hiyo ni habari nyingine).

Sasa nikajiona nimeshaiva. Kaka akaja na Corolla yake, anataka ishuke chini, ikae kispoti. Springi za kununua za kushushia gari hela hana, mi nikamwambia bro usijali, nina grainda. Springi ya mbele ilikuwa na mizunguko kama sita inayofanya kazi, nikakata miwili, nyuma hivyo hivyo. Gari ikashuka, ikapendeza, tukapiga picha. Kaka akasema mbona inaruka ruka kidogo, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ndo dalili ya gari ya resi, gari ya resi lazima iwe ngumu.

Wiki ya pili tunatokea Ngaramtoni kwa njia ya ndani, barabara ya vumbi, ile iliyojikunja kama bati la nyumba. Kaka hakuwa na spidi ya ajabu, labda sitini. Kwenye kona gari ikaanza kutetemeka, usukani ukawa mwepesi ghafla kama umekatika, mkia ukachomoka, na tukaenda zetu kwenye mahindi. Hatukuumia. Mwenye shamba alikuja anatembea taratibu, akahesabu mashina yaliyolala moja moja kwa kidole, akataja bei. Tulilipa.

Pale gereji kulikuwa na mzee mmoja wa kazi za chini, yaani miguu ya gari, stelingi, breki. Mzee haongei sana. Gari ilipovutwa kuletwa nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akachuchumaa kwenye tairi ya mbele, akaweka kiganja chake chini pale tairi inapogusa sakafu, akasema, "Dogo, gari yote imekaa hapa." Akainuka akaenda kunywa chai. Hilo ndo lilikuwa somo lote la siku hiyo.

Nilidhani anaongea mafumbo ya wazee mpaka nilipokuja kupiga hesabu. Gari ya kilo 1,000, kila tairi inabeba kama kilo 250. Upepo wa 32, ambao kwa vipimo vingine ni kama kilopaskali 220. Uzito ukiugawa kwa upepo unapata sentimita za mraba kama 111, yaani sentimita kumi kwa kumi na moja hivi. Kiganja kweli! Raba yenyewe nayo ina ugumu wake kwa hiyo sio sawasawa kabisa, ila umekaribia. Viganja vinne. Injini iwe na farasi 165 au 500, breki ziwe za bei gani, usukani uwe wa ngozi, kila kitu gari inachotaka kukifanya inabidi iombe ruhusa kwa viganja vinne vya raba. Nikajisikia mjinga, miaka yote nilikuwa nasoma gari kuanzia boneti kushuka chini, na nikifika kwenye ekseli nachoka nalala.

Basi nikaanza upya kutokea chini, na nilianza na kosa langu. Springi ya koili ni chuma kirefu kilichosokotwa, ukiifinya kila mzunguko unajikunja kidogo, na kushuka kote unakokuona ni jumla ya vile vidogo vidogo. Ukipunguza mizunguko, kila mmoja uliobaki unaendelea kutoa kile kile kidogo chake, ila jumla imepungua, kwa hiyo springi imekuwa ngumu. Sita ikawa nne, ugumu umepanda mara moja na nusu. Hilo peke yake lingevumilika. Shida ni kwamba nilipunguza na nafasi ya mguu kupanda, shokapu, zile za kutuliza springi isibembee, zilikuwa zile zile za zamani, zikawa muda wote zimeshindiliwa karibu na mwisho. Tukifika kwenye yale makunyanzi ya barabara mguu unapanda kidogo tu unagonga ile raba ya kuzuia, na ukishagonga pale huna tena springi, una gogo. Tairi inaruka. Tairi iliyoko hewani haikati kona, haifungi breki, haifanyi chochote, ni pambo. Ndo maana usukani ulikuwa mwepesi, kaka alikuwa anageuza hewa.

Kwa hiyo lile neno langu kwamba gari ya resi lazima iwe ngumu lina ukweli nusu, na nusu yenyewe inategemea barabara. Kwenye lami laini kama zile za Formula 1, ambako bodi ikipanda na kushuka kidogo tu hewa inayoikandamiza gari chini inaharibika, ndio, ngumu. Kwenye barabara zetu kazi ya springi ni kuiacha tairi ifuate ardhi wakati bodi imetulia. Na hiyo sayansi ni ya zamani, kuna jamaa anaitwa Maurice Olley, Mwingereza aliyekuwa Rolls-Royce kisha akaenda Cadillac huko Marekani, miaka ya 1930 mwanzoni alikuwa anapakia vyuma kwenye gari anavihamisha hamisha huku na huku ili aone inabembea vipi. Akaja kugundua springi za mbele inafaa ziwe laini kuliko za nyuma, kwa sababu tuta linaanza kugonga mbele, kwa hiyo nyuma inachelewa kuanza kubembea, ukiifanya nyuma ibembee haraka kidogo inaiwahi mbele na gari inatulia badala ya kunesa kama mtumbwi. Mi nilikata mbele na nyuma sawa sawa kwa grainda. Marehemu Olley angelia.

Halafu kuna hii ya uzito kuhama, ambayo nadhani ndo moyo wa mambo yote ya mashindano ya magari. Ukishika breki, gari inainama mbele, kila mtu anajua, hata bibi aliyepakata kuku kwenye Hiace anajua. Ila ni kiasi gani? Chukua uzito wa gari, zidisha na ukali wa breki, zidisha na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, gawanya kwa umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma. Corolla ya kaka nikaichukulia kilo 1,000, kitovu sentimita 55, ekseli kwa ekseli mita 2.465, na breki kali ya lami kavu ambayo ni kama 0.8 ya mvutano wa dunia. Inakuja kilo 178. Kwa hiyo mbele palipokuwa na kilo 600 pamekuwa na 780 hivi, nyuma palipokuwa na 400 pamebaki 220. Sasa unaelewa kwa nini breki za mbele ni kubwa na zinaisha haraka, na kwa nini ukikanyaga breki katikati ya kona mkia unakuwa na akili zake.

Na hapa kuna kitu kilinikosesha usingizi. Tairi ukiiongezea uzito mshiko unaongezeka, lakini hauongezeki sawa na uzito. Mara mbili ya uzito haikupi mara mbili ya mshiko, inakupa pungufu. Maana yake tairi iliyopokea uzito inapata faida ndogo kuliko hasara ya tairi iliyopoteza, ukijumlisha zote mbili umekula hasara. Kila uzito unapohama, gari nzima inapoteza mshiko kidogo. Ndo maana magari ya resi yanakaa chini na yanapanuliwa miguu, ili uzito usihame sana.

Aha, nikasema, kumbe kushusha gari sikukosea! Nikarudi kwenye ile hesabu haraka haraka nimtetee yule kijana wa grainda. Tulishusha kama sentimita tatu, kitovu kikatoka 55 kikawa 52. Uzito unaohama ukatoka 178 ukawa 169. Kilo tisa. Nimempeleka kaka yangu mahindini kwa ajili ya kilo tisa.

Tukiwa kwenye hesabu, niwaambie kitu kuhusu lugha kwa sababu inawakwamisha wengi. Vitabu vya haya mambo ni Kiingereza, tena kile kigumu, na vijana wengi wa gereji wakiona ukurasa wa kwanza wanafunga. Lakini fizikia yenyewe tunaiongea kila siku kwa maneno yetu. Mteja akija anasema gari inaogelea, amekwambia shokapu zimekufa, springi inabembea na hakuna wa kuituliza. Akisema inakula tairi kwa ndani, amekwambia miguu imeinama au imefunguka mbele. Akisema inavuta kushoto, inapiga kichwa, inatapika maji, kila neno lina ukurasa wake kwenye kitabu. Mi nilichofanya ni daftari, upande mmoja maneno ya gereji, upande mwingine ya kitabu, katikati mchoro. Daftari hilo limenifundisha kuliko video zote za intaneti, na lina mafuta kila ukurasa kwa hiyo hakuna wa kuliiba.

Mwaka 2023 mwezi wa sita nikaenda Naivasha kuangalia Safari Rally. Nilikuwa nimejichangishia tangu Januari. Arusha mpaka Namanga, Namanga mpaka Nairobi, halafu matatu inayopita barabara ya chini, ya Mai Mahiu, ile inayoshuka Bonde la Ufa mpaka unapita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Abiria wote wanaangalia mandhari, mi nanusa breki za malori. Kwa sababu gari yoyote ikisimama mwendo wake hauendi popote, unageuka joto. Corolla ya kilo 1,000 kutoka spidi 100 mpaka sifuri inatoa joto la kuchemsha maji ya baridi lita moja na kitu. Sio mbaya. Lakini lori la tani 30 likiwa linashuka mlima kwa breki tu, kila mita mia za kimo linazoshuka ni joto la kuchemsha ndoo nne na zaidi za lita ishirini. Ndoo nne! Kwenye ngoma na pedi zile pale. Ndo maana dereva mzoefu anashuka na gia ile ile ambayo angepandia, injini imshikie, na ukiona lori linatoa moshi tairini katikati ya mteremko omba Mungu na usogee.

Safari Rally yenyewe sisi watu wa Tanzania ina damu yetu, ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth ikiwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland aliyeishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 alikuwa anakaa Tanzania. Mzee wangu wa gereji anadai aliziona 404 hizo zikipita akiwa mtoto, zimejaa tope mpaka madirishani. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Saba, kwenye msururu wa magari zaidi ya themanini!

Ila historia ninayoipenda mimi ni ya 1984 mpaka 1986. Kipindi hicho ndo cha yale magari ya Kundi B, Audi Quattro na Peugeot 205 zinavuta miguu yote minne, zina turbo, zilikuwa zinatisha dunia nzima. Kwenye Safari akaja Toyota na Celica yenye turbo lakini inasukuma nyuma tu kama Mark II ya mjomba wako. Ikashinda 1984 na Björn Waldegård, ikashinda 1985 na Juha Kankkunen ambaye ndo mara yake ya kwanza kuja Safari, ikashinda tena 1986 na Waldegård. Mara tatu mfululizo. Nje ya Afrika hiyo gari ilikuwa inapigwa. Huku mashindano yalikuwa maelfu ya kilomita za mawe na mashimo, na gari yenye vitu vichache vya kuvunjika, miguu imara na nafasi ya kutosha chini ilikuwa na kasi kuliko gari yenye kasi. Niliposoma hiyo nikakumbuka kile kiganja cha Mzee.

Sasa Naivasha. Nilisimama Kedong, moja ya vipande vya njia ya mashindano, vumbi lake wanaliita feshifeshi, laini kama unga wa sembe, ukikanyaga mguu unazama mpaka kifundo. Unaanza kusikia helikopta, halafu mlio, halafu gari. Nilikuwa nimejiapiza nitaangalia magurudumu tu nisiangalie kitu kingine, na ndo nilichofanya, na mpaka leo nikifumba macho naliona. Bodi imetulia kabisa, kama iko kwenye lami ya Uhuru Highway, na chini yake miguu inacheza mdundiko. Tairi inashuka shimoni inapanda inashuka, haiachi ardhi. Laini! Gari ya ubingwa wa dunia, na kwa macho yangu ilikuwa laini kuliko Noah ya daladala. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu anapiga kelele kuhusu injini, mi nimebaki mdomo wazi nakula vumbi.

Pembeni ya kioo cha mbele lile bomba la pumzi limepanda mpaka usawa wa paa, hilo huwa wanalifunga kwa ajili ya Safari, injini ivute hewa ya juu yenye vumbi pungufu na isinywe maji kwenye vijito. Injini ikinywa maji ni msiba, maji hayafinyiki kama hewa, pistoni inapanda inakuta ukuta, konrodi inakunjika kama kijiko. Na hewa yenyewe kule juu, Naivasha ni karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, imepungua uzito kama sehemu moja ya sita, kwa hiyo injini isiyo na turbo inakuwa kama mtu mwenye mafua. Zile za 1.6 za rali zina turbo, zinalazimisha hewa iingie. Toyota walichukua nafasi nne za kwanza, dereva wao Sébastien Ogier mbele. Jioni kwenye servisi mafundi wana dakika 45, ndani ya hizo wanabadilisha miguu, shokapu, wakibanwa hata giaboksi. Kwetu giaboksi siku mbili, siku ya kwanza ni ya kutafuta boriti ya kuninginizia.

Nilirudi Arusha na viatu vimejaa feshifeshi. Kaka tumemfungia springi za kawaida kabisa, za mtumba ila nzima, na shokapu mpya mbele, gari imepanda juu inaonekana kama ya mwalimu mkuu na kaka analalamika kila siku, ila Ngaramtoni anapita hapo hapo na mkono mmoja.

Saa hizi nimehamia kwenye difu, yale magia ya kwenye ekseli yanayogawa nguvu kwa tairi mbili. Nimenunua moja ya Mark II iliyokufa, nimeifungua mezani nyumbani kwangu juu ya magazeti, nataka nielewe kwa macho jinsi zile gia ndogo za ndani zinavyoruhusu tairi ya nje ya kona ikimbie kuliko ya ndani, na kwa nini ukiingia topeni inapeleka nguvu zote kwenye mguu unaoteleza kama vile imerogwa. La pili nimeshalielewa: inagawa msokoto sawa kwa miguu yote miwili, na mguu unaoteleza haupokei kitu, sasa mwenzake atapewa nini? La kwanza bado nazungusha kwa mkono. Nimeshaifunga mara mbili na mara zote mbili zimebaki shimu mbili mezani, zile pete nyembamba za kujazia nafasi. Mke wangu ameniuliza hivi ni za nini, nikamwambia za akiba.